Koti la Mwisho Nyuma ya Mlango

Jumatatu, tarehe 9 Oktoba 1961. Asubuhi kavu, joto mapema. Upepo ulivuma kutoka upande wa kusini ukibeba vumbi la manjano la vilima vya mabaki ya migodi, na mvua ya kwanza ilikuwa haijanyesha Johannesburg. Siku ile, kwa sababu ya vumbi hilo tu, Madam Cottrell wa mtaa wa Parktown alifunga mlango wa chumba chake cha kulia chakula, mlango ambao kwa miaka kumi na tisa ulikuwa umeegemea ukuta bila yeye kuufunga. Nyuma ya mlango huo aliona kitu, akapiga kelele.

Tseko Mahlatsi alikuwa uani akifunga ngazi kwa kamba. Aliposikia kelele alijua mara moja kilichoonekana. Alihesabu kichwani: zimebaki siku ishirini na tatu.

Ili mtu aelewe hesabu hiyo, inafaa asimuliwe kwanza Tseko ni nani na ukuta ni kitu gani.

Alizaliwa katika shamba la Mzungu karibu na Clocolan, Free State. Huko kwa Basotho kuta ni kazi ya wanawake. Kila mwaka mama yake na shangazi zake walichota udongo mwekundu, mweupe na wa rangi ya majivu, wakaupaka ukutani kwa viganja, kisha wakauchora kwa uma wa kulia chakula udongo ungali mbichi. Mvua ikija inaosha, mwaka unaofuata wanaanza upya. Tseko akiwa mdogo aliwabebea maji, akatazama. Alipokuja mjini akiwa na miaka ishirini na mitatu, Bwana Pirie, kontrakta Mskoti wa kupaka rangi nyumba, alimwajiri kubeba ngazi. Siku ya nne alimkuta ndani ya stoo anapaka ukuta kwa brashi iliyochakaa, na ukuta ule ulikuwa laini kama yai. Bwana Pirie alitazama kushoto, akatazama kulia, akafunga mlango wa stoo. Akasema, "Usimwambie mtu."

Mkewe, Dieketseng, alipoambiwa kazi anayofanya mumewe mjini alicheka mpaka akakaa chini. "Umepanda treni siku nzima," alisema, "umeacha shamba na ng'ombe, kwenda kufanya kazi ya mama yako!"

Sheria ya mji ilikuwa hivi: Mwafrika asifanye kazi ya fundi katika mtaa wa Wazungu. Akikamatwa ni faini au jela, yeye na aliyemwajiri. Lakini nyumba za Wazungu zilikuwa nyingi, na mafundi Wazungu walikuwa wachache na wa bei kubwa, kwa hiyo desturi iliingia mahali ambapo sheria ilibana. Desturi ilisema kwamba rangi hupigwa makoti: koti la kwanza, la pili, na la mwisho. Kukwangua, kuziba nyufa, kupiga msasa, koti la kwanza na la pili, hiyo si kazi ya ufundi, hiyo ni kibarua tu. Ufundi uko kwenye koti la mwisho, na koti la mwisho ni la Mzungu. Kwa nini ufundi ukae juu ya ukuta na usikae ndani yake, hakuna aliyeuliza.

Mzungu wa koti la mwisho kwa Bwana Pirie aliitwa Lodewyk Steyn, Baas Lood, yaani Bosi Lood. Alikuwa mtu mnene, mwenye huruma na mikono inayotetemeka. Ukame ulikuwa umemfukuza shambani kwao, akaenda reli, reli wakamchoka, na shemeji yake aliyekuwa katika chama cha wapaka rangi akampatia kadi. Kadi alikuwa nayo, kubwa, yenye muhuri mwekundu. Kupaka rangi alikuwa hajui. Katika wiki ya kwanza aliharibu sebule mbili na suruali nne. Bwana Pirie akakaa chini na watu wake wawili, na siku hiyo wakazaa desturi yao wenyewe, ndogo ndani ya ile kubwa.

Tseko angepaka nyumba yote, makoti yote matatu, isipokuwa kipande cha ukuta kilicho nyuma ya mlango, upana wa mkono mmoja. Wakati huo Baas Lood angekaa dirishani na gazeti, akitazama barabara kama mkaguzi anakuja. Mwishoni angesimama, angechukua brashi, angepaka kile kipande, na kwa haki kabisa angeweza kusema: koti la mwisho la nyumba hii nimelipiga mimi. Kwa kazi hiyo alilipwa mara saba ya Tseko. Halafu mlango ungefunguliwa kama kawaida na kukifunika.

Walifanya hivyo miaka tisa. Mtu ambaye angepita nyumba nzuri za Parktown na Saxonwold siku hizo akafunga milango yote, angekuta nyuma ya kila mmoja ugonjwa uleule wa ngozi: matone yaliyoganda yakiteremka, nywele za brashi zimenasa, na alama ya gumba.

Na zile siku ishirini na tatu? Sheria nyingine ilisema kwamba Mwafrika aliyefanya kazi kwa mwajiri mmoja mfululizo miaka kumi ndani ya mji hupigwa muhuri katika pasi yake, kile kitabu cha kibali cha kukaa mjini, na tangu hapo mji hauwezi kumtapika. Anaweza kujiandikisha kwenye foleni ya nyumba. Anaweza kumleta mkewe. Tseko aliajiriwa tarehe 1 Novemba 1951. Kwa miaka hiyo aliishi katika hosteli ya wanaume, chumba kimoja watu kumi na sita, na Dieketseng alimwona Desemba hadi Desemba. Binti yao alikuwa na miaka saba, na kila Desemba ilibidi azoeshwe upya kwamba yule mwanamume ni baba. Siku baba yake Tseko alipozikwa, Tseko alikuwa Saxonwold anapaka jiko rangi ya kijani, kwa sababu karani mmoja alikuwa amemwambia kwamba mapumziko ya ghafla yanaweza kuhesabiwa kuwa kuacha kazi, na miaka ikaanza upya kutoka moja. Akifukuzwa leo, hata kwa siku moja, miaka tisa na miezi kumi na moja inamwagika kama maji ya kuoshea brashi, na ana saa sabini na mbili za kuondoka mjini.

Sasa turudi uani.

Aliyekuja mbio kumwita ni Puseletso, mjakazi wa nyumba ile, mwanamke Msotho aliyekuwa na ulimi mkali kuliko visu vya jikoni mwake.

"Ntate Tseko, njoo uone maajabu. Madam amemkuta fundi wenu nyuma ya mlango."

"Fundi yuko kwenye gari amelala, ausi," alisema Tseko; kwa Kisotho ausi ni dada, kama ntate ni baba.

"Mwili ndio uko kwenye gari. Kazi yake iko ukutani."

Chumbani Madam Cottrell alikuwa amesimama na kidole kimenyooka. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwema, aliyetoa nguo kuukuu kwa wenye shida na aliyeamini kwamba anawaelewa Waafrika. Alikuwa ameshampigia simu Bwana Pirie, na Bwana Pirie alikuwa ameshafika, kofia mkononi, jasho kipajini.

"Tazama, Bwana Pirie. Nimeukodolea macho ukuta huu tangu Jumamosi, nikawaambia marafiki zangu wote: hii ndiyo kazi ya mtu aliyesomea. Ni kama hariri! Halafu ona hiki. Sihitaji kuambiwa. Naijua kazi ya boi nikiiona."

Bwana Pirie alikitazama kile kipande kama mtu anayesoma barua ya kifo.

"Ndiyo, madam," alisema.

"Sina chuki na mtu. Lakini kazi hii haiko kwenye damu yao. Mnawapa brashi wachezechezee, haya ndiyo matokeo. Ni yupi? Ni huyu John?"

Waafrika wote waliopita katika nyumba ile waliitwa John, pamoja na mtunza bustani aliyekuwa na jina zuri la kwao lenye silabi tano.

"Ni huyu, madam."

"Basi sitaki awepo. Sitalipa senti moja mpaka uniambie kwamba umemwachisha kazi. Ni kwa faida yake mwenyewe, ajue anachokiweza."

Bwana Pirie alimvuta Tseko hadi kwenye korido. Alinong'ona kwa haraka.

"Sikia. Nakufukuza leo mchana, nakuajiri kesho asubuhi. Mambo yamekwisha. Utapumzika kidogo."

"Kesho nitakuwa na siku moja, Baas."

"Siku moja ya nini?"

"Leo nina miaka tisa na miezi kumi na moja. Kesho nitakuwa na siku moja."

Bwana Pirie alikunja uso. Alijua. Makontrakta wengi walijua kuhesabu miaka tisa, na wengi walipata sababu ya kumfukuza mtu katika mwaka wa kumi, maana mwenye muhuri hujua kudai. "Unataka nimwambie nini? Nimwambie kwamba hariri yake ni yako na ugonjwa ule ni wa Mzungu? Tutalala jela wote wawili. Na hata akisikia hataamini."

Hapo Bwana Pirie alisema kweli. Tseko alisimama akitazama ncha za viatu vyake. Ukweli ungemtia ndani. Uongo ungemrudisha Clocolan. Alihitaji kitu kilichokaa katikati, na katikati pale ndipo alipoishi miaka yote tisa. Alirudi chumbani, kofia kifuani.

"Samahani, madam. Madam ameona sawasawa. Hapa ni kazi ya boi."

"Angalau ni mkweli," alisema Madam Cottrell.

"Ni koti la pili tu, madam. Nyuma ya mlango hapapati upepo, rangi inachelewa kukauka. Baas alisema tuache, atakuja kupiga koti la mwisho mwenyewe likishakauka. Leo limekauka. Mimi sijui zaidi, mimi nabeba ngazi."

Madam Cottrell alishusha kidole.

"Kwa hiyo fundi hajamaliza?"

"Hajamaliza, madam."

Uso wa Madam Cottrell ulilainika. "Oh, basi hilo ni jambo jingine. Basi aje kesho saa nne. Na ningependa kumwona akifanya. Sijawahi kumwona bingwa kazini. Nitamwalika Bibi Ludlow, tutakunywa chai."

Bwana Pirie alimtazama Tseko kwa macho ya mtu aliyeokolewa kutoka mtoni na kutupwa kisimani.

Mchana ule, uani, mbele ya chumba cha mjakazi, Baas Lood aliambiwa. Alikaa juu ya kopo la rangi lililopinduliwa, akawa mweupe kuliko alivyokuwa.

"Jackson, umeniuza."

Yeye alimwita Jackson tangu siku ya kwanza, bila ubaya wowote, kama mtu anavyompa jina ng'ombe anayempenda.

"Sijakuuza, Baas. Nimekukodisha. Upana wa mkono mmoja tu."

"Mbele ya wanawake wawili wanakunywa chai! Mkono wangu huu unauona? Nina watoto watano Vrededorp, Jackson. Wakijua siwezi, chama kinaninyang'anya kadi. Nitakwenda wapi? Nitarudi kuchimba mitaro?"

"Kuchimba mitaro ni kazi yetu, Baas. Hawatakuruhusu." Tseko alimwekea brashi mkononi. "Njoo. Ukuta huu wa chumba cha ausi Puseletso haujapakwa rangi tangu ujengwe. Tujifunze hapa."

"Jifunzeni polepole," alisema Puseletso, amekaa kizingitini na bakuli la viazi. "Mnifikishe mpaka kwenye dirisha."

Walianza. Baas Lood alichovya brashi mpaka kwenye mpini.

"Ncha tu, Baas. Huogeshi mbwa hapa."

Akaipiga ukutani.

"Polepole. Brashi si fimbo ya ng'ombe. Nenda juu, rudi chini, usirudi pale ulipopita."

"Nina kadi miaka kumi na miwili!"

"Kadi haina nywele, Baas. Yenye nywele ni brashi."

Puseletso alicheka hadi kiazi kikaanguka. Hata Baas Lood alicheka kidogo, kisha akakaa, akawasha sigara, akampa Tseko nusu ya pili kama alivyofanya kila siku. Watu wale wawili walijuana kuliko ndugu. Mmoja alilipwa kwa rangi ya ngozi yake, mwingine alifichwa kwa sababu ya yake, na kila mmoja alikuwa amekalia shingo ya mwenzake.

Hadi saa kumi na moja jioni ukuta wa Puseletso ulikuwa umepata rangi ya maziwa mpaka dirishani, na Baas Lood alikuwa hajajifunza kitu.

Jumanne, saa nne. Upepo ulikuwa umetulia, joto palepale. Viti viwili viliwekwa katikati ya chumba cha kulia, na meza ndogo yenye keki. Bibi Ludlow, jirani, alikuwa amevaa kofia kama anakwenda harusini. Bwana Pirie alisimama kando ya dirisha. Tseko alipiga magoti chini, ameshika kopo, maana hiyo iliruhusiwa. Puseletso alimimina chai taratibu kuliko alivyopata kumimina chai maishani.

Mlango ulifungwa. Baas Lood alisogea mbele ya kipande chake. Mgongo wa shati lake ulikuwa umelowa. Alichovya. Tseko alinong'ona kwa Kiafrikana, "Ncha, Baas," lakini brashi ilikuwa imeshazama.

Alipaka. Rangi ilianguka kwa mafungu. Mkono ulitetemeka, ukaacha mawimbi. Tone moja lilianza safari kutoka juu, likapita polepole mbele ya macho ya watu wote, likakutana na jingine, yakashuka pamoja mpaka kwenye ubao wa chini. Nywele tatu za brashi zilibaki ukutani. Mwishoni Baas Lood alijaribu kufuta tone kwa gumba, na gumba likaacha alama palepale lilipoacha nyingine kwa miaka tisa.

Akashusha brashi. Tseko alitazama sakafu na kuona treni ya Clocolan.

"Sasa," alisema Madam Cottrell, sauti yake imeshuka kama mtu aliye kanisani, "sasa unaona tofauti."

"Naiona," alisema Bibi Ludlow upesi, ingawa alikuwa anatafuta miwani.

"Ina uhai! Tazama yale mawimbi. Huo ni mkono wa mtu anayefikiri. Jana palikuwa pabaya, pachafu, pana matone. Leo ni mahali palepale lakini tazama!"

"Kuna matone hata leo, Madam," alisema Puseletso, bila kuulizwa, akiweka sukari.

"Haya yamekusudiwa, Puseletso." Madam Cottrell aligeuka kutazama kuta nyingine, zile za hariri, na midomo yake ikashuka. "Lakini sasa hizi... Sijui niseme nini, Bwana Pirie. Zimekufa. Ni laini mno. Ni kama kazi ya mashine, au ya mtu anayefuata amri tu. Hili ni koti la pili, sivyo? Hapa pia fundi alikuwa hajamaliza?"

Bwana Pirie alikuwa Mskoti na kontrakta, na biashara ikimgongea mlango hakuwahi kuuliza nani. "Madam ana jicho," alisema. "Bwana Steyn alitaka kuona kwanza kama madam atapenda mtindo wake. Si kila mteja anaelewa. Nyumba nzima kwa mkono wake itachukua wiki nne. Bei, bila shaka, si ile."

"Na ukumbi pia," alisema Madam Cottrell.

"Na kwangu," alisema Bibi Ludlow.

"Na boi, madam? Jana ulisema nimwachishe."

Madam Cottrell alimtazama Tseko aliyepiga magoti, akatabasamu. Moyo wake ulikuwa umejaa. "Maskini, hakuna aliyemfundisha. Abaki abebe ngazi. Na Bwana Steyn amruhusu kutazama. Huenda kitu kidogo kikamwingia."

Wiki nne. Tseko alihesabu: siku ishirini na mbili zilizobaki zinaingia ndani yake, na nyingine zinabaki. Alisema, "Asante, madam," na alimaanisha, na baadaye alichukia kwamba alimaanisha.

Baas Lood asingeweza kupaka nyumba nzima, vizuri wala vibaya; angepata kiharusi. Kazi ilikuwa ya Tseko kama siku zote. Jumatano asubuhi alisimama mbele ya ukuta wake mwenyewe, ukuta alioupiga msasa mara tatu mpaka ukang'aa, akatakiwa auharibu.

Hakuweza. Alivuta brashi mara ya kwanza na mstari ukatoka umenyooka.

"Hapana, Jackson," alisema Baas Lood kutoka dirishani, akishusha gazeti. "Hiyo bado ni nzuri."

Alijaribu tena.

"Bado. Unaogopa. Chovya mpaka kwenye mpini."

Alihamisha brashi mkono wa kushoto. Alifunga jicho moja. Alichanganya tapentaini nyingi mno ili rangi ishuke. Ilimchukua siku tatu kujifunza kufanya vibaya, na alirudi hosteli amechoka kuliko siku alizopaka nyumba nzima. Wenzake wa chumbani walimwuliza kwa nini anajisugua mikono. Akasema ni rangi tu. Alimkumbuka mama yake, aliyekuwa akibomoa mchoro mzima kwa kiganja ikiwa mstari mmoja umepinda, ingawa ulikuwa ni udongo wa bure na mvua ingekuja tu.

Baas Lood, kwa upande wake, alinenepa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini huyu hata mnazi hakuwahi kuupanda. Wageni wa Madam Cottrell waliletwa kumpa mkono. Kufikia wiki ya pili alisimama mbele ya ukuta uliopakwa na mkono wa kushoto wa Tseko, ameinamisha kichwa, akasema, "Unajua, Jackson, tangu mwanzo nilihisi nina kitu."

"Unacho, Baas."

"Nyie hamuwezi kukiiga."

"Najitahidi, Baas."

Tarehe 31 Oktoba Bwana Pirie aliandika barua ya miaka kumi. Aliandika bila kunung'unika, maana Bibi Ludlow alikuwa anasubiri, na nyuma ya Bibi Ludlow nyumba sita, na katika Johannesburg yote alikuwepo mtu mmoja tu aliyejua kupaka vibaya kwa ustadi ule. Jumatano tarehe 1 Novemba Tseko alisimama kwenye foleni ya ofisi ya pasi kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Karani Mzungu, kijana mwenye chunusi, aliisoma barua mara mbili.

"Miaka kumi kwa mtu mmoja. Unafanya kazi gani?"

"Nabeba ngazi, Baas."

"Miaka kumi unabeba ngazi?"

"Ni nzito, Baas."

Karani alimtazama kuona kama ni kejeli. Hakuona kitu. Uso wa Tseko ulikuwa umepakwa makoti matatu. Akapuliza muhuri, akaupiga. Tseko alitoka nje, akaufungua ukurasa ule juani na kuungoja wino ukauke. Kisha aliingia posta, akamwandikia Dieketseng mistari minne. Mstari wa mwisho ulisema: *Mlete na mtoto, na uje na ule uma wa mama wa kuchorea.*

Usiku ule mvua ya kwanza ikanyesha, nzito, yenye radi.

Kesho yake asubuhi, Alhamisi, alifika Parktown kabla ya Baas Lood. Miti ilikuwa inadondosha maji. Puseletso alimfungulia mlango wa jikoni, akautazama mfuko wa koti alimoweka pasi, akamtazama usoni, akampa chai kwenye kikombe cha enameli. Tseko aliinywa amesimama. Kisha aliingia chumba cha kulia, akafunga mlango, akachukua msasa.

Kwenye kile kipande cha Baas Lood alikwangua matone, nywele na alama ya gumba. Alipangusa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu. Alishika brashi mkono wa kulia, akachovya ncha.

Puseletso alichungulia dirishani. "Ntate, Madam akifunga mlango?"

"Atafunga wa nini, ausi? Mvua imenyesha. Vumbi limelala."

"Na akifunga?"

"Atasema ni kazi ya boi."

Alipaka kutoka juu kwenda chini, hakurudi pale alipopita. Kilipokwisha, kilikuwa kipande kimoja cha hariri, upana wa mkono mmoja, katika nyumba nzima iliyougua. Alikingoja mpaka kikashika, akaufungua mlango taratibu bila kukigusa, akauacha pale unapokaa siku zote. Akaosha brashi. Akasikia gari la Bwana Pirie getini, akaenda kubeba ngazi.